Zamu ya Nyumba Yetu

Darasa langu lilikuwa na mwanafunzi mmoja, na mwanafunzi huyo alikuwa hanijibu.

Kila asubuhi, Hilary akishaondoka na wenzake kwenda kupima viwanja, nilifuta meza ya sebuleni, nikaegemeza ubao kwenye kabati la vyombo, nikaanza. "Haya, watoto, tumeelewa?" Kimya. "Ndiyo, mwalimu," najijibu mwenyewe. Kabla ya kuhama nilifundisha shule ya msingi kule Moshi, madarasa ya watoto wanaoitikia mpaka bati linatetemeka, na mazoea yana taabu. Mdomo unauliza kabla kichwa hakijakumbuka kwamba darasani yupo Noela peke yake, binti yangu, naye wakati huo anazungusha kifuniko cha sufuria sakafuni na kutazama kinavyolala.

Usidhani alikuwa hajui kitu. Alikuwa anasoma. Ukiandika "kikombe" ubaoni alikwenda kabatini akaleta kikombe. Ukiandika "kikombe cha baba" alileta kile cha bluu chenye pengo. Akipata sikumpigia makofi kama tulivyowapigia watoto shuleni, kwa sababu makofi yalimuumiza masikio. Niligonga kiganja changu kwa kidole kimoja, taratibu, naye akaja akakigusa kile kidole. Hiyo ndiyo ilikuwa shangwe ya darasa letu.

Kuzungumza ndiko kulikokuwa kugumu. Alikuwa na miaka tisa, na maneno yake mwenyewe hayakujaza kiganja. Maneno ya watu, hayo alikuwa nayo tele. Aliweza kushinda kimya tangu asubuhi, halafu jioni akamtoa muuza samaki mzima mzima, pamoja na kule kuvuta kwake kamasi, au akasoma habari za redio kwa sauti ya mtangazaji hadi salamu za mwisho. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikakumbuka kwamba mimi hajawahi kuniita mama, na kicheko kikaisha.

Shule tulijaribu. Tulifika Babati mkoa wa Manyara ndio kwanza unaanza, mji umejaa wageni kama sisi, makarani na wapima ardhi na wafanyabiashara waliofuata ofisi, na kila chumba cha kupanga hapa Nangara kina mtu wa mkoa mwingine. Nilimwandikisha darasa la kwanza. Kengele ilipolia aliingia chini ya dawati, na mwalimu alipomvuta alimuuma mkono. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Mama, hapa nina watoto mia na kitu kwa darasa moja. Huyu wako anahitaji mwalimu wake peke yake." Nikamjibu kwa hasira kwamba mwalimu huyo anaye tayari, nikambeba mtoto mgongoni, nikarudi naye nyumbani na kufungua shule.

Lakini upweke haukuletwa na shule. Uliletwa na hodi.

Noela alikuwa hawezi kuivumilia hodi. Si neno lenyewe. Ni ile sauti inayofika kabla ya uso. Mtu akibisha getini, mtoto alipiga ukelele akajibamiza kichwa ukutani, na siku moja alijipasua kipaji cha uso. Tulipotoka hospitali kumshona nilipita kwa majirani nyumba kwa nyumba nikawaomba: msipige hodi kwangu. Geti liko wazi, ingieni tu, msimame mahali atakapowaona.

Sasa wewe mwambie mtu aliyelelewa vizuri aingie nyumba ya watu bila hodi. Anayeingia bila hodi ni mwizi, au ni mchawi. Walikuja wachache, wakasimama getini midomo imefumbwa, wakikohoa kidogo na kuangalia viatu vyao, na nisipowaona walirudi zao. Baadaye wakaacha. Wengine walisema mke wa bwana ardhi anaringa. Wengine walisema humo ndani kuna kitu tunakificha. Wapo walioniambia usoni kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hao niliwatazama mpaka wakatafuta njia. Mimi nina kiburi, siwezi kumweleza mtu kitu kilekile mara mbili. Mwaka ukapita, ukaja wa pili, majani yakaota kwenye kinjia cha kutoka getini hadi mlangoni. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji mimi nilibaki na ugonjwa wangu.

Mtu mzima pekee niliyeongea naye mchana alikuwa Zuwena wa dukani, na naye tulikuwa tukisemezana habari za sukari na mafuta ya taa kisha basi. Hilary alikuwa safarini nusu ya mwezi, leo Kiteto, kesho Simanjiro. Akirudi alikula, akamtazama mtoto akizungusha kifuniko, akalala.

Jioni moja ya mwezi wa nane hakwenda kulala.

"Mama Noela," alisema, "nyumba isiyoingia mtu si nyumba. Ofisini wananiuliza kama kweli nimeoa."

"Umeoa. Na mtoto unaye."

"Krismasi tukienda nyumbani, Noela abaki kwa mama."

Nyumbani ni Rombo. Mchaga hata ukimpeleka wapi, Desemba atarudi kwao, na sisi hatukuwa tofauti. Mama mkwe simsemi vibaya, ni mama mwenye huruma na mgomba wake hauna jani kavu. Lakini nakijua chumba cha nyuma cha nyumba yake, alichokaa marehemu shemeji yangu aliyekuwa akianguka kifafa. Komeo la chumba kile liko upande wa nje.

"Abaki mpaka lini?" niliuliza.

"Mpaka upumzike."

"Sijachoka."

"Umechoka, mke wangu. Siku hizi unaongea peke yako."

"Ninafundisha!"

Nilipaza sauti, Noela akaziba masikio, na Hilary akanyoosha mkono kunionyesha, kana kwamba ushahidi umejileta wenyewe. Tulikaa muda tukimsubiri mtoto atulie. Kisha akasema kitu ambacho nadhani alikisema kwa sababu alijua hakiwezekani: "Siku nitakapoona watu wamekaa humu ndani wanasali, na yeye ametulia, habari ya Rombo sitaitaja tena."

Nikamwambia ashike neno lake hilo.

Jumuiya yetu ya kanisa husali kila Alhamisi saa kumi jioni, nyumba kwa nyumba, kwa kufuata mstari wa mtaa. Ikifika kwetu ilikuwa inaruka, kama mtu anavyoruka dimbwi, na wiki hiyohiyo iko kwa jirani wa pili. Kesho yake nilimfunga Noela mgongoni na ukubwa wake wote, maana kwa kutembea asingefika, nikaenda kwa mwenyekiti, Mama Paskali. Huyu ni mama wa sauti kubwa na utani mwingi. Akicheka kwake, geti la tatu kutoka letu, sisi tunamsikia. Nilimkuta anachambua mbaazi. Nikamwambia naomba zamu yangu.

"Zamu yenu?" Aliacha ungo. "Na mtoto je?"

"Mtoto yuko tayari," nikasema. Ulikuwa uongo mtupu.

"Na hodi?"

"Pigeni."

Alinitazama, akamtazama Noela aliyeficha uso shingoni kwangu, akasema haya, Alhamisi ya mwisho kabla ya Majilio, mwishoni mwa Novemba. Nikarudi nyumbani na muhula wangu mkononi.

Nilifuta ratiba yote ya darasa nikaanzisha somo moja, somo la wageni. Nilianza na hodi ya kunong'ona, uso wangu uko dirishani anauona. Alipoizoea, nikaficha nusu ya uso kwa pazia. Halafu nikawa nyuma ya mlango. Halafu uani. Kila hatua ilikuwa na vilio vyake, na zipo siku tulirudi mwanzo kabisa, dirishani, kwa kunong'ona. Nilijifunza kwamba sauti za kubuni zilimtisha kuliko sauti za watu wa kweli. Basi nikawa natumia za watu wa kweli. Nilibisha kama Mzee Teodori, aliyestaafu kazi ya kutengeneza barabara: anakohoa kwanza, anasema "Tumsifu Yesu Kristo," anatulia, kisha, "Hodi hapa, watu wapo?" Nilibisha kama Mama Paskali. Nilibisha kama katibu, kama mama wa nyumba ya kona, kama wanakwaya wawili wanaosema pamoja. Kisha nakimbilia ndani na kuitikia, "Milele amina, karibu!" maana wa kuitikia hakuwepo mwingine.

Kazi ya Noela ilikuwa kumshika mgeni mkono na kumpeleka kwenye kiti chake. Kila mgeni alikuwa na kiti kimoja, hakibadiliki. Akishanikalisha kama Mzee Teodori, niliacha kofia ya Hilary kitini ili ijulikane mzee ameshafika, natoka nje, narudi mwingine. Mama Paskali alikuwa khanga. Katibu alikuwa mwavuli. Somo halikwisha mpaka viti vyote kumi na viwili vipate mtu, na Noela alilipenda hilo kuliko yote. Kiti kitupu kilimkera. Alikuwa anakuja kunivuta gauni, anakielekeza, anavuta tena, mpaka nitoke nikamlete mwenye kiti.

Mvua za vuli zilianza, nami niko getini mwangu, kichwa kimelowa, napiga hodi nyumbani kwangu mwenyewe kwa sauti za watu kumi na wawili. Sitasema ilikuwa burudani. Kuna siku, katikati ya kuwa Mama Paskali, nilisimama kwenye kile kinjia nikalia, kwa sababu nilikuwa nimesahau kidogo kwamba si yeye aliyekuja. Watoto wa mtaani walichungulia kwenye michongoma wakacheka. Watu wazima walipita wakaangalia mbele.

Mwishoni mwa Novemba Noela aliweza. Hodi ilipigwa getini kwa sauti kamili, naye akasimama mlangoni mikono imekunjwa kifuani, anatetemeka, lakini amesimama. Hakuitikia wala hakusema neno. Alimshika mgeni akampeleka.

Alhamisi ilipofika, Hilary aliomba ruhusa kazini, akapiga pasi shati lake jeupe. Tulipanga viti vyote kumi na viwili, vinne vya kuazima kwa Zuwena. Zuwena aliponipa alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akaniambia, "Mungu akutie nguvu, mama," nikadhani ananitakia heri ya wageni. Nilitengeneza chai ya maziwa, nikaifunika. Kofia, khanga na mwavuli nikavitia chumbani, maana leo watakaa watu wenyewe.

Saa kumi ikapita. Noela alisimama mlangoni mahali pake. Hilary alikaa ameshika magoti, akitazama geti. Mimi nilirekebisha kitambaa cha meza kilichokuwa hakina kosa. Kisha ukasikika wimbo wa mwanzo, watu wengi, na juu yao sauti ya Mama Paskali. Ulitoka geti la tatu.

 Wimbo ukaisha, tukasikia wanakaa.

"Umeona?" Hilary alisema. Hakusema kwa kejeli. Alisema taratibu, kama mtu anayemhurumia mgonjwa, na hilo ndilo lililonichoma. Nilitamani anigombeze. Nilitamani niende pale kwa Mama Paskali nikaipindue ile meza yenye msalaba na mishumaa yake.  Nilikaa tu nikifikiria komeo la Rombo.

Hilary akaanza kukusanya viti. Alibeba kimoja akakipandisha juu ya kingine. Noela akakishusha akakirudisha mahali pake. Hilary akakipandisha tena, akashushiwa tena. Alikuwa na subira mtoto yule, hakulia, alirudisha tu kila kiti mahali pa mwenyewe. Kisha akaja kwangu akanivuta gauni, akaelekeza viti.

"Hawaji, mwanangu," nilimwambia. "Leo hawaji."

Alivuta tena. Sikuinuka. Sikuwa na sauti ya mtu yeyote iliyobaki kwangu. Noela akaniachia, akatoka mlangoni, akapita kinjia, akapita geti. Peke yake! Mtoto ambaye hajawahi kuvuka lile geti bila mgongo wangu. Nilikurupuka na kumfuata bila viatu, ila sikumkamata. Sijui kilichonizuia. Niliogopa kwamba nikimgusa atalia na wote watasikia.

Alifuata sauti mpaka kwa Mama Paskali, akasimama mbele ya mlango uliofunikwa pazia. Ndani walikuwa wanasoma Injili. Noela akakunja mikono kifuani. Akakohoa, kikohozi cha mzee, cha vumbi la barabara la miaka thelathini.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema. Akatulia. "Hodi hapa, watu wapo?"

"Milele amina!" nyumba nzima ikaitikia, kwa maana ndivyo tunavyoitikia, hata usingizini. Na mtu mmoja akaongeza, "Karibu, Mzee Teodori."

 Halafu nikasikia sauti ileile, ya mwenyewe sasa, ikisema kutoka ndani: "Teodori si mimi hapa?"

Noela aliinua pazia akaingia. Nilichungulia nikamwona anapita katikati ya magoti ya watu, moja kwa moja, mpaka kwa mzee. Akamshika mkono. Akavuta. Mzee Teodori aliinuka polepole, ameshika kofia yake, akatoka naye mpaka nje niliposimama.

"Mama, napelekwa wapi?" aliniuliza.

"Shikamoo, Mzee. Anakupeleka kwetu. Leo ilikuwa zamu yetu."

"Tuliambiwa mmeomba kupumzika."

"Sikuomba."

Alifikiri kidogo. "Basi," alisema, "aliyetumwa kunichukua ameshanichukua. Mimi ni nani nikatae?" Wakaenda, mtoto mbele, mzee nyuma. Kwetu Hilary aliposikia hatua alitoka mbio akiwa na kiti mkononi, akasahau kukiweka chini, akatoa shikamoo kimemning'inia. Noela alimkalisha mzee mahali pa kofia. Akamtazama, akaridhika, akageuka akatoka tena.

Safari ya pili wale wa kwa Mama Paskali walikuwa wanamngoja, wengine wameshapanua midomo kucheka. Noela alisimama mbele ya pazia, akaweka mkono kiunoni, akafungua sauti ambayo mtaa wote unaifahamu.

"Hodi wenyewe! Mko ndani, au mmetufungia nyama jikoni?"

Kicheko kilichopasuka kiliwafukuza kuku wa uani. Mama Paskali peke yake hakucheka. Alitoka nje, akapita juu ya kichwa cha mtoto kwa macho, akaniangalia mimi.

"Mama Noela, ndivyo unavyoniigiza kwa watoto? Ndivyo ninavyosema mimi?"

Ningeweza kuomba radhi. Ningeweza pia kumrudishia maneno, nilikuwa nayo ya kutosha. Nilisema lililokuwa la kweli.

"Ndivyo ulivyosema siku ya mwisho ulipokuja kwetu. Ulikuwa umeniletea majani ya maboga. Mwaka juzi."



"Zote ninazo," nikasema. "Kila mtu aliyemo humo ninayo hodi yake ya mwisho. Sikuwa na nyingine za kumfundishia mtoto."

Ndani walikuwa wameacha kucheka. Mama Paskali alishika upindo wa khanga yake akaukunja, akaukunjua.

"Tulikuwa tunakuona," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Mvuani. Unatoka, unapiga hodi kwako, unaingia mbio, unajiitikia. Nikasema, huyu mama amezidiwa, akili inamtoka, tusimwongezee mzigo wa wageni. Jumapili baada ya misa, wewe hukuwapo, nikatangaza kwamba mmeomba kupumzika, tuhamie kwangu. Ni mimi. Nilidhani nakusitiri."

"Nilikuwa namfundisha kuwapokea ninyi."

Noela alikuwa amenyoosha mkono wakati wote huo. Kiti cha khanga kilikuwa kitupu, na hilo ndilo pekee lililomhusu. Mama Paskali aliutazama ule mkono mdogo, akafuta wa kwake kwenye nguo kana kwamba una unga, akampa. Kabla hajaondoka aligeuka mlangoni: "Chukueni rozari zenu mje. Lakini mmoja mmoja! Atakayevamia nitamrudisha kwa sikio."

Ndivyo ilivyokuwa jioni hiyo, foleni getini kwangu kama ya kliniki, watu wazima wameshika Biblia, kila mmoja anangoja zamu ya kupiga hodi na kushikwa mkono. Wanakwaya wawili waliingia pamoja, Noela akaziba masikio, Mama Paskali akatoka akamrudisha mmoja nje mpaka aitwe peke yake. Kule ndani Hilary ndiye aliyekuwa anaitikia. Ya kwanza aliisema kama mtu anayejibu hakimu. Ilipofika zamu ya katibu sauti yake ilikuwa imefunguka, "Karibu! Karibu sana! Pita, pita," na alikuwa anamimina chai bila kuuliza nani anataka.

Kiti cha mwisho kilipopata mtu, Noela alizunguka sebule yote akavigusa mgongo kimoja kimoja. Kisha akakaa sakafuni katikati ya miguu ya watu, akachukua kifuniko chake. Kwangu mimi hakikuwapo kiti. Katika somo letu mimi ndiye niliyekuwa wageni wote, mwenyeji hatukumwekea.

Nikabaki kizingitini kwa nje, miguu ina matope. Walianza kusali. Nilisikiliza nyumba yangu ikiitikia Salamu Maria, sauti za kiume na za kike, mtu anapiga chafya, kikombe kinagonga sahani, na chini ya yote kile kifuniko kinazunguka na kulala, kinazunguka na kulala. Nilikuwa nimekitamani kitu hicho kwa miaka miwili, na sasa kilipokuja niliogopa kuingia. Ningekaa wapi? Ningesema nini baada ya habari ya sukari? Nilihisi kama mimi ndiye mgeni asiyefahamika, na machozi yakatoka, sikuyafuta.

Hilary alitoka akachuchumaa karibu yangu. Shati lake jeupe lilikuwa limemwagikiwa chai.

"Krismasi tutakwenda watatu," alisema, "na tutarudi watatu."

Niliitikia kwa kichwa.

"Wanakuulizia. Mama Paskali anasema hawezi kufunga sala mwenye nyumba yuko nje."

"Nakuja," nikamwambia.

Alirudi ndani. Nilipangusa matope miguuni kwa majani ya kinjia, mguu mmoja, kisha wa pili. Nilikuwa nimesema nakuja, na nilikuwa nakuja kweli, ila nilikaa kwanza kidogo pale kizingitini, nikisikiliza nyumba yangu ikiwa na watu.